Malaria ya Ijumaa

Roselyne alikuwa amevaa sweta. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Julai, mtaa wa Al-Malqa, Riyadh, na jua la asubuhi lilikuwa limeshachoma vigae vya uani kiasi kwamba paka wa jirani alivivuka kwa kurukaruka. Roselyne aliviosha vigae hivyo kwa mpira wa maji huku meno yakigongana.

Ilibidi afanye haraka. Jikoni kondoo alikuwa anachemka, mchele umelowekwa, vikombe vya kahawa havijapanguswa. Wageni wa Ijumaa wangefika baada ya sala: mama mkwe wa Madam, mawifi wake wanne, na watoto ambao idadi yao ilibadilika kila wiki bila taarifa.

"Roza!" Madam aliita kutoka mlangoni. Alikuwa bado na roli za nywele kichwani. "Sweta ya nini?"

"Baridi, Madam."

Madam aliangalia juu, kwenye jua, kama anayetafuta shahidi. "Baridi iko wapi?"

"Ndani ya mwili. Madam, mimi nina..." Roselyne akasita. Alijua neno linalofuata litapokewaje, lakini hakuwa na lingine. "Nina malaria."

Madam akacheka. Alicheka kwa dhati kabisa, bila ubaya wowote, kama mtu aliyeletewa tena mzaha anaoupenda. Akageukia ndani. "Rania! Njoo usikie! Ni Ijumaa, na Roza ana malaria!"

Sauti ya binti yake ikashuka kutoka ghorofani. "Mama, hata mimi! Nina malaria ya hisabati!"

"Yalla, Roza," Madam akasema huku akijifuta machozi ya kicheko. "Malaria halas, basi. Pangusa vikombe."

Inafaa kueleza jinsi ugonjwa mkubwa namna hiyo, wenye kumbukumbu za vita na wafalme, ulivyopoteza heshima yake yote katika nyumba moja.

Roselyne alizaliwa karibu na Nambale, Busia, upande wa magharibi wa Kenya, ambako malaria ni ugonjwa na pia ni sehemu ya lugha. Mtu akiumwa kichwa, ana malaria. Akiamka na viungo vizito baada ya kulima, malaria. Mwalimu asipofika shuleni Jumatatu, ana malaria, na darasa zima linajua ni ile inayouzwa kwa glasi. Kumwambia mtu "nina malaria" si kumletea majibu ya maabara. Ni kumwomba akuache kidogo leo, naye hukuacha.

Neno hilo Roselyne alisafiri nalo. Miezi yake ya kwanza Al-Malqa alikuwa anaamka kabla ya kila mtu na kulala baada ya kila mtu, na Ijumaa moja mgongo wake ulikataa kunyooka. Kwanza alisema amechoka. Madam akamjibu kwamba hata yeye amechoka. Akasema mgongo unamuuma, akapewa mafuta ya kuchua na kuonyeshwa mahali zulia lilipo. Ndipo, bila hila yoyote, akasema kile ambacho mama yake angesema, na dada zake, na mchungaji wao: labda ni malaria.

Nyumba nzima ikatikisika. Madam alijifunika pua. Baba, mume wa Madam, mtu mpole aliyeishi ndani ya simu yake, alitoka ndani ya simu hiyo. Roselyne alipelekwa hospitali kwa gari, akatolewa damu, akarudishwa, akaachwa alale mpaka magharibi. Hakuwahi kulala hivyo tangu atoke kwao. Jioni majibu yakaja: hakuna malaria.

Ijumaa nyingine mgongo ukakataa tena, naye akalitumia tena lile neno lililofanya kazi. Damu ikatolewa. Hakuna malaria. Mara ya tatu Madam hakumpeleka popote. Alikuwa amefanya utafiti wake na kufikia hitimisho: malaria ni neno la Kikenya lenye maana ya uvivu, husababishwa na wageni, hutibiwa kwa kupaziwa sauti. Hitimisho hilo lilikubaliwa na familia nzima bila kupingwa. Rania alilipeleka shuleni kwake. Baba akichelewa kuamka, alikuwa na malaria. Mama mkwe, aliyekuwa hatabasamu kwa urahisi, alitabasamu kwa hilo.

Roselyne alicheka nao. Kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza.

Na sasa ilikuwa imekuja yenyewe.

Aliijua kama mtu anavyojua sauti ya ndugu yake kwenye simu. Alikuwa amerudi majuzi kutoka likizo, likizo ya kwanza tangu aanze kazi, na kule nyumbani alilala kwenye nyumba mpya aliyowajengea wazazi. Bati lilikuwa limepatikana, madirisha bado. Neti ya serikali ilikuwepo, lakini mama yake alikuwa amezungushia mboga ili kuku wasizimalize, na Roselyne hakuona vizuri kuingia kwenye nyumba yake mwenyewe na kuanza kugombania neti na sukuma wiki. Alilala bila. Mbu waliimba. Alijiambia kwamba Riyadh hamna mbu wa namna hiyo, kwa hiyo wacha hawa washibe.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelijua katika nyumba ya Al-Malqa. Mdogo wake Ivy alianza kutetemeka hivi hivi akiwa kidato cha pili. Wakasema ni malaria, yaani wakasema ni kitu cha kawaida, apumzike. Alipoanza kuweweseka, wakamfunga kwenye pikipiki kati ya watu wawili kumkimbiza hospitali ya Busia. Pikipiki ilifika. Ivy hakufika.

Kwa hiyo Roselyne, akipangusa vikombe kimoja baada ya kingine, hakuwa akiwaza wageni. Aliwaza hospitali. Alihitaji kufika hospitali leo, si kesho, na kati yake na hospitali kulikuwa na geti la chuma, ufunguo wa geti uliokuwa kwenye mkoba wa Madam, ikama yake, kibali cha kuishi nchini, iliyokuwa kwenye sefu ya Baba, na kicheko.

Wakati mawifi walipoanza kushuka kwenye magari, yeye alikuwa juu ya paa, kwenye chumba cha kufulia. Alipandishwa huko kuleta taulo safi. Mashine ya kukausha ilikuwa inazunguka, naye akakaa sakafuni, akaiegemea kwa mgongo mzima. Joto lake lilikuwa kitu cha kwanza kizuri tangu asubuhi. Simu, ambayo kwa kanuni za nyumba iliruhusiwa baada ya chakula cha jioni tu, ilikuwa ndani ya sweta. Akampigia Eddah.

Yeye na Eddah walikutana Batha, hapo Riyadh, kwenye hosteli ya wakala, wote wawili wakisubiri kuchukuliwa. Eddah alipelekwa Jeddah, akavumilia mwaka mmoja, kisha akatoka kwa mwajiri wake kupitia dirisha la bafu. Sasa alikuwa anaishi Karantina, kusini mwa mji, chumba kimoja na wanawake wengine, akifua na kusafisha kwa siku bila karatasi yoyote.

"Niaje, Rose! Leo umeiba simu mapema."

"Eddah, nina malaria."

"Ile ya Ijumaa?" Eddah akaangua kicheko. "Wewe dem, hiyo malaria yako inajua kalenda kushinda pasta."

"Eddah."

"Nani anakuja leo? Yule nyanya wa kuangalia masufuria chini?"

"Eddah, nimekojoa rangi ya chai. Chai bila maziwa."

Upande wa pili televisheni ilisikika, na mtu akipenga mafua.

"Ai," Eddah akasema polepole. "Hiyo sasa ni ya ukweli."

"Ni ya ukweli."

"Toka hapo. Shika teksi."

"Nitoke aje? Geti imefungwa. Na nikifika hospitali wataniuliza kadi, wataniuliza kafili. Mimi siwezi pitia bafu kama wewe. Hata kusimama ni shida."

"Basi mwambie Madam tena. Mwambie vizuri."

"Nimemwambia. Amemwita mtoto aje acheke pia."

"Mwambie na Kizungu."

"Malaria kwa Kizungu ni malaria, Eddah. Na Kiarabu ni malaria. Hakuna mahali naweza kimbilia na hilo neno."

Eddah akasema kwa sauti ya mtu anayefanya hesabu asiyoiweza, "Huku kwetu kuna mama wa Chad huwa na zile tembe. Lakini ni Jeddah, Rose. Hata nikipanda basi saa hii, nafika usiku, na barabarani wakiniuliza ikama..."

"Najua."

"Usilale. Skia, usilale. Weka simu karibu, nitakupigia tena. Nikikosa kukupata nitajua..."

Hakumaliza. Kengele ya ukutani ililia, ile ya kumwita jikoni, ikalia tena kabla haijamaliza kulia. Roselyne aliirudisha simu ndani ya sweta, akazikusanya taulo, akashuka ngazi akiwa amekaa, kidato kimoja baada ya kingine, kama mtoto.

Sinia la Ijumaa katika nyumba ile lilikuwa na upana wa meza. Lilibebwa na watu wawili, Roselyne upande mmoja na Rania upande wa pili, na Rania aliubeba upande wake kwa vidole vinne kwa sababu cha tano kilikuwa na rangi mbichi ya kucha. Waliingia nalo kwenye majlis ya wanawake, sebule kubwa yenye mito kuzunguka kuta zote, kiyoyozi kikipuliza kama mlango wa friji uliosahauliwa wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa mahali pake. Mawifi walikuwa wanamsifia zulia.

"Anatetemeka huyu," wifi mmoja alisema.

"Malaria," akajibu mwingine, na wote wakacheka, hata mama mkwe, kidogo.

Walilitua sinia salama. Hilo linapaswa kusemwa kwa heshima ya Roselyne: hata punje moja ya wali haikuanguka. Aliinuka, akapiga hatua mbili kuelekea mlangoni, ukuta ukahama. Alijikuta ameketi kwenye zulia lililosifiwa. Kisha hakuwa ameketi tena. Simu ilitoka ndani ya sweta, ikateleza mpaka katikati ya sebule, na hapo hapo, kwa utii wa rafiki wa kweli, ikaanza kulia.

"Simu!" Madam alisema kwa mshangao. Kosa hilo aliliona kwanza. Kisha akauona uso. Akapiga magoti. "Roza? Roza, mfanyakazi mzuri, amka. Wageni."

Roselyne alisikia simu ikilia na akajua ni nani. Alitaka kusema waipokee. Alitaka kusema kwamba huyo ni Eddah, yuko Karantina, aambiwe kwamba Roselyne hajalala. Sehemu kubwa ya sentensi hiyo ilikwama njiani.

"Karantina," alisema. "Karantina... Karantina."

Sasa, Karantina ni mtaa. Uko kusini mwa Jeddah, na watu wengi huishi humo. Lakini katika majlis ile hakukuwa na mtu aliyewahi kuhitaji kuufikiria. Rania, kwa upande wake, alisoma shule ya Kiingereza, na miaka michache nyuma alikuwa amefungiwa ndani miezi mizima ya utoto wake kwa jina linalofanana kabisa na hilo.

"Mama!" alipiga kelele. "Anasema karantini! Mama, ana korona!"

Kilichofuata hakikuwa na adabu. Wifi wa kwanza aliruka sinia. Wa pili alimfunika mwanawe kwa mto. Mama mkwe, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa ameinuka bila kushikwa pande zote mbili, aliinuka mwenyewe na kufika mlangoni wa kwanza. "Ndani ya nyumba yangu," Madam alikuwa anasema, "mbele ya mama," na mikono yake ilikuwa inaufukua mkoba kutafuta ufunguo wa gari.

Roselyne aliyaona yote hayo kutoka sakafuni, kwa pembeni, kama mtu anayetazama televisheni akiwa amelala. Alielewa. Akafungua mdomo kurekebisha: si hivyo, Madam, Karantina ni kwa Eddah. Aliuona ufunguo ukitoka kwenye mkoba.

Akafunga mdomo. Akafikiri kidogo. Kisha akakohoa.

Malaria haina kikohozi cha namna ile. Huo ulikuwa mchango wake mwenyewe.

Geti likafunguka. Baba, kutoka sebule ya wanaume, alileta ikama na kadi ya bima kwa mkono ulionyooshwa mbali na mwili, akaviweka juu ya boneti na kurudi nyuma. Roselyne aliketi kiti cha nyuma kabisa cha lile gari kubwa, barakoa mbili usoni, madirisha yote manne yakiwa wazi. Upepo wa moto wa Riyadh ukamfunika kama blanketi. Madam aliendesha akiwa amejipinda mbele, karibu na kioo, akimtolea Mungu orodha ya watu waliogusa vikombe.

Hospitali ilikuwa ya kibinafsi, yenye maua ya plastiki na sakafu iliyong'aa kiasi kwamba Roselyne, kwa mazoea, aliitafuta ndoo ya kupigia deki. Karani wa mapokezi aliitazama ikama, akaitazama kadi, akasema bima ya mfanyakazi haigharimii vipimo vyote na lazima kafili, yaani mwajiri mdhamini, akubali kwanza. Kafili akakubali. Karani akasema jina kwenye kadi ni Rosalin na kwenye ikama ni Roselyne, je, ni mtu mmoja? Madam akasema kwa ukali kwamba ni mmoja na ana korona. Karani akasogeza kiti chake nyuma, na tofauti ya majina ikatatuliwa.

Walimwingizia kijiti puani. Wakasubiri kwenye chumba cha pembeni, Madam nje ya kioo, Roselyne ndani.

Majibu yakaja: hakuna korona.

Mlango wa kioo ukafunguliwa. Madam aliingia bila barakoa, na sasa alikuwa na rangi nyingine usoni, ile ya mtu aliyekimbizwa bila sababu mbele ya mama mkwe wake. "Mafi korona," alisema taratibu. Hakuna. "Mafi malaria. Mafi kitu. Umewafukuza wageni wangu, Roza. Chakula kimebaki sakafuni." Akamshika mkono. "Yalla. Nyumbani."

Roselyne aliinuka. Hilo ndilo lingekuwa jambo la kusikitisha kuliko yote, kwamba aliinuka. Ila hakufika mbali, akamwangukia daktari aliyekuwa anapita mlangoni na kikombe cha chai.

Daktari alikuwa Msudani, mrefu, mwenye koti lililolowa chai sasa. Hakulalamika. Alimweka kwenye kiti, akamfunua kope la jicho kwa kidole gumba, akatazama kilichokuwa cheupe na sasa kilikuwa cha manjano.

"Ametoka wapi huyu?" akauliza.

"Nyumbani kwangu," Madam akajibu.

"Kabla ya nyumbani kwako."

"Kenya. Alienda likizo. Lakini amepimwa, daktari, hana kitu. Huyu kila Ijumaa..."

"Amepimwa korona." Daktari alimwinamia Roselyne na kuongea polepole, Kiarabu cha kawaida kisicho na amri ndani yake. "Dada, huko ulikotoka, ulilala ndani ya neti?"

Roselyne alifikiria neti. Akaifikiria mboga, ilivyostawi. "Hapana," akasema.

"Mimi ni mtu wa Wad Madani," daktari alimwambia Madam huku akiandika. "Kwetu hatungesubiri hali ifike hapa." Akaita nesi.

Safari hii damu ilizungumza. Daktari alirudi na kipande cha karatasi na kueleza kwa ukamilifu, kwa sababu aliona Madam anahitaji ukamilifu: kwamba malaria husababishwa na kijidudu, kijidudu hubebwa na mbu jike, mbu humuuma mtu, na kwamba mtu hampi mwenzake kwa kukohoa, kwa vikombe wala kwa zulia. Kwamba huyu alikuwa nayo nyingi. Kwamba sindano ya kwanza ni sasa, ya pili usiku, ya tatu kesho asubuhi. "Asitoke kabla ya hiyo ya tatu. Akitoka, tunaanza upya, na hali aliyonayo si ya kuanzia upya."

Mtu angeweza kuona habari ile ikimshuka Madam, na ikishuka ilikuwa inamuumiza kweli. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezoea kuhudumiwa. Alimsogelea Roselyne kitandani.

"Roza," alisema, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa mtu aliyesalitiwa. "Kwa nini hukuniambia kama una malaria?"

Roselyne alimtazama. Akafumba macho.

Alipoyafumbua, sindano ya kwanza ilikuwa imeshaingia, mpira mwembamba ulikuwa umebandikwa mkononi, na kutoka juu maji yalikuwa yanadondoka kwenye kijichupa. Nesi Mfilipino alikuwa anarekebisha mwendo wa matone kwa kugeuza kijigurudumu cha plastiki kwenye mpira, kidole gumba tu, mbele haraka, nyuma polepole. Madam hakuwepo. Mahali pake, kwenye kiti, alikuwa ameketi Lawrence.

Lawrence alikuwa mtu wa ofisi ya wakala kule Batha, Mkenya, mkalimani kwa cheo na mchukuaji wa watu kwa kazi. Alivaa viatu vilivyochongoka na kunukia vizuri kila wakati.

"Sasa, dada. Pole sana."

"Asante."

"Madam amenipigia. Amekasirika, si mchezo." Aliweka simu kifudifudi kwenye goti. "Umemwaibisha mbele ya mama mkwe. Unajua hapa korona ni maneno ya serikali? Mtu hasemi tu."

"Sikusema korona."

"Ulikohoa."

"Nilikohoa," Roselyne akakubali.

Lawrence aliyapokea maungamo hayo kwa kutikisa kichwa kwa huzuni ya kikazi. "Basi amesema hakutaki tena. Anataka mwingine. Anasema, na mimi namwelewa, ana mtoto nyumbani, hawezi kukaa na mtu wa mbu."

"Daktari alimwambia haiambukizwi."

"Daktari hakai Al-Malqa." Akatabasamu. "Usijali. Tunaenda hosteli, unapumzika siku mbili tatu, tunakutafutia nyumba ingine. Kubwa kushinda hiyo."

Roselyne aliijua hosteli. Ilikuwa chumba juu ya duka la kutuma pesa, mlango wake ulifunguliwa kutoka nje, na mwanamke aliyeugua humo alipewa chupa ya maji na kuambiwa anywe polepole.

"Nimeambiwa nisitoke mpaka sindano ya tatu. Kesho asubuhi."

"Ya kulala nani analipa? Bima imekataa. Kafili ameshasaini utoke. Utapewa tembe."

"Natapika, Lawrence."

"Utameza pole pole." Aliangalia mfuko wa maji uliokuwa umening'inia. "Nesi amesema hawawezi kukutoa na hii ikiwa inaingia. Hakuna shida, mimi ni mtu wa kungoja. Hii maji ikiisha, tunateremka, gari liko chini."

Akaigeuza simu yake, akaanza kutazama mechi.

Roselyne aliutazama mfuko. Maji yalikuwa yamepungua chini ya nusu, na matone yalikuwa yanakimbizana kwenye kijichupa, tapu, tapu, tapu, kama yana kazi mahali pengine. Nje ya dirisha jua lilikuwa limeanza kuelemea upande mmoja wa majengo. Usiku ulikuwa mbali. Kesho asubuhi ilikuwa mbali zaidi. Baridi ilikuwa imemwachia, sasa ilikuwa zamu ya joto, na ndani ya joto hilo kichwa chake kilikuwa chepesi na angavu kabisa.

Alitoa mkono wake wa pili nje ya shuka. Ulipita juu ya tumbo taratibu, ukasimama Lawrence alipopiga kelele kwa sababu mtu alikuwa amekosa bao, ukaendelea. Vidole vikaupata mpira. Vikaufuata mpaka kwenye kile kijigurudumu. Gumba likakumbuka lilichokiona: mbele haraka, nyuma polepole.

Nyuma.

Tapu. Kisha kimya kirefu, mpaka akaogopa ameyazima kabisa. Kisha, tapu.

Mechi ikaingia mapumziko. Lawrence akajinyoosha, akauangalia mfuko, akauangalia tena. Akaenda mlangoni, akamwita nesi aliyekuwa anapita na sinia la dawa. "Sista, hii maji mbona haiishi? Itaisha lini?"

Nesi akaja. Aliuangalia mfuko, akaangalia kijichupa, akahesabu kitu kwa midomo. Macho yake yakateremka na mpira, sentimita kwa sentimita, yakafika kwenye kijigurudumu, na kwenye vidole ambavyo vilichelewa kukimbia. Roselyne hakuviondoa. Hakuwa na nguvu ya kuviondoa, na zaidi ya hapo, hakutaka.

Nesi alimtazama usoni kwa muda. Kifuani mwake kilining'inia kitambulisho, na nyuma yake, kwenye mfuko wa plastiki ule ule, ikama yake mwenyewe yenye jina la kafili wake.

Aliivuta shuka juu, akaufunika mkono wa Roselyne pamoja na gurudumu lake, akaichomeka shuka chini ya godoro.

"Bukra," alimwambia Lawrence. Kesho. Akachukua sinia lake la dawa na kuendelea na kazi.